Fasihi ya Mahaba (Sehemu ya Pili): Vitabu Vinavyompa Mpendwa Sauti

Wiki iliyopita nilieleza kwamba fasihi ya mahaba ni tawi halali la fasihi, lenye mabingwa wake na sanaa yake. Tangu makala yale yachapishwe, wasomaji kadhaa wa Kibera na Kawangware wamenijia na swali lile lile: basi tusome nini? Wengine wameuliza kwa aibu kidogo, wengine kwa ukali, wakitaka kujua tofauti ya ninachokisifu na uchafu unaosambazwa kwenye simu. Maswali hayo mawili yanajibika kwa pamoja, na leo nitayajibu kwa kutaja kazi zenyewe. Nasema mapema kwamba mazungumzo haya ni ya watu wazima.

Tuanze na kipimo. Sheria yetu inayo ya kwake: kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha biashara ya machapisho machafu. Hakimu anahitaji kifungu hicho kwa kazi yake. Msomaji anahitaji kipimo kingine, nami ninakipendekeza hiki: katika maandishi haya, je, anayetamaniwa anasema? Ana akili yake, hofu yake, hiari yake ya kukubali na ya kukataa? Picha chafu huonyesha kila kitu, lakini mtu aliyemo ndani yake ni bubu. Hana jina wala jana, na hatujui anataka nini. Fasihi nzuri ya mahaba huenda kinyume chake. Huenda isionyeshe hata bega, lakini humwacha mpendwa azungumze mpaka tukamjua.

Kipimo hiki kina uzito wa pekee katika mitaa yetu. Pale Gatwekera au Laini Saba, na vivyo hivyo Gatina na Kabiro, familia nzima hukaa katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda cha wazazi kikitengwa na watoto kwa pazia. Watu huishi karibu mno, na kwa sababu hiyo hiyo hujifunza kunyamaza. Mume na mke hunong'ona kwa miaka mingi, na wengine hata kunong'ona huacha. Kijana anakua akijua mambo mengi ya mwili lakini hana maneno ya kuyasemea. Maneno hayo yamo vitabuni.

Kitabu kilichomo nyumbani tayari

Kazi ya kwanza haihitaji kununuliwa. Imo katika Biblia iliyo juu ya kabati katika nyumba nyingi za Kibera na Kawangware: Wimbo Ulio Bora, wenye sura nane tu. Wengi wameupita mara nyingi wakielekea Isaya bila kusimama.

Usimame. Anayeanza kusema humo ni mwanamke, na katika kitabu kizima maneno yake yanazidi ya mpenzi wake. Hajifichi. Anaeleza kwamba jua limemchoma ngozi kwa sababu kaka zake walimpa kazi ya kulinda mashamba ya mizabibu. Ni mwanamke mfanyakazi, na anajiona mzuri. Anamsifu mpenzi wake kiungo kwa kiungo, naye anasifiwa vivyo hivyo, kwa tamathali za mifugo, minara, matunda na manukato.

Soma sura ya tano kwa utulivu. Mpenzi anabisha mlango usiku. Mwanamke amekwisha kuvua nguo na kunawa miguu, na kwanza anasita. Kisha moyo unamsukuma, anainuka, na anapolishika komeo, vidole vyake vinadondosha manemane juu yake. Anafungua: mpenzi amekwisha kwenda. Anatoka kumtafuta mjini, na walinzi wa zamu wanamkuta, wanampiga na kumnyang'anya vazi lake. Mshairi hakutaja tendo lolote la kitandani. Ametupa komeo lililolowa marashi, mlango uliochelewa kufunguliwa, na mwanamke anayelipia shauku yake kwa maumivu, na tumeelewa yote.

Wapo watakaosema kwamba wimbo huo ni fumbo la upendo wa Mungu kwa watu wake. Mapokeo hayo ni ya kale na ninayaheshimu. Rabi Akiva, aliyekufa yapata mwaka 135, aliutetea kuwa mtakatifu kuliko maandiko mengine. Mtawa Bernard wa Clairvaux alitoa hotuba 86 juu yake kati ya mwaka 1135 na kifo chake mwaka 1153, na hakuvuka mwanzo wa sura ya tatu. Lakini fumbo husimama juu ya kitu halisi. Wazee hao wasingeuchagua kuwa mfano wa upendo wa mbinguni kama wangeona mapenzi ya mume na mke ni kitu cha aibu.

Washairi wa pwani

Kazi za kundi la pili ni urithi wa Kiswahili chenyewe. Ya kale zaidi katika mapokeo ni tumbuizo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, shujaa wa nchi za Pate na mto Tana. Mojawapo ni Utumbuizo wa Mwana Manga, unaomsifu bibi mmoja kuanzia kichwani, nywele, paji, nyusi na macho, ukishuka taratibu. Sanaa yake ni mwendo. Mshairi hana haraka. Kila kiungo anakipa mfano wake kabla ya kuhamia kingine, na msikilizaji analazimika kwenda kwa hatua zake. Nikitumia kipimo changu kwa haki, sina budi kukiri kwamba Mwana Manga anasifiwa zaidi kuliko anavyosema. Bado utumbuizo huo unafunza jambo ambalo simu haiwezi kulifunza, yaani kumtazama mtu mmoja kwa muda mrefu.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utendi wa wosia. Utendi wa Mwana Kupona husomeshwa kama somo la dini na adabu, na wasomaji wengi wa leo wameulaumu kwa kumfundisha mke utii kupita kiasi. Lawama hiyo ina msingi. Lakini zisomwe upya beti za nyumbani, zile za mke kukaa karibu na mume aliyelala bila kupaza sauti, kumkanda, kumpepea, kumnyoa na kumpangia ndevu, kumfukizia udi asubuhi na jioni. Kisha mshairi anamgeukia mke mwenyewe: asukwe nywele, apake hina na wanja, avae vito vyake, anukie. Hapa mwanamke mzima, aliyeishi katika ndoa, anaeleza elimu ya mguso na harufu, na anaieleza kwa heshima katikati ya dua. Anajua anachokisema, na hakuona kwamba Mungu atachukia akikisema.

Wanubi wa Makina hawatauona ulimwengu huo kuwa mgeni. Udi, hina na nyimbo za wanawake zinazoandamana na ngoma ya doluka arusini ni mambo wanayoyafahamu tangu mababu zao, askari wa King's African Rifles, walipopewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Elimu hii ya stara haikuishia Lamu na Pate. Ina wenyewe hapa hapa Nairobi, na nyanya wa Makina wanaweza kuisimulia.

Wa tatu ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi yapata 1776 hadi 1840. Wataalamu humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Pamoja na mashairi ya vita vya Mazrui na Seyyid Said, alitunga juu ya wanawake aliowapenda, waliomkataa na waliomchosha. Mapenzi yake yana ugomvi, wivu, kejeli na kurudiana. Kazi zake zilikusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19, zikachapishwa na William Hichens mwaka 1940. Msomaji wa Nairobi atafute kitabu cha Mohamed Abdulaziz kilichotoka hapa jijini mwaka 1979, kwa sababu kinaeleza misamiati na mazingira. Shairi la Muyaka bila maelezo ni gumu kwa mtu wa bara, na ugumu huo usimtishe. Ubeti wa mistari minne ukisomwa mara tatu hufunguka.

Nairobi baada ya saa za kazi

Jiji letu nalo lina kazi zake. Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman, riwaya ya mtoto wa kahaba aliyefika chuo kikuu na bado dunia ikamkalia vibaya. Mlango ukafunguka. David Maillu, mzaliwa wa Ukambani, akaanzisha shirika lake mwenyewe, Comb Books, na kutoa vijitabu vya bei nafuu vilivyoingia mifukoni mwa makarani na mahamali: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4:30 mwaka 1974. Walimu wa fasihi wengi walivikunjia uso. Mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku.

Nimevisoma tena ili niandike makala haya, na ninasimama na msimamo huu: Maillu si wa daraja moja kote. Anapohubiri, anachosha. Anapotaka kushtua tu, anashtua na kusahaulika. Lakini After 4:30, kilichoandikwa kwa mistari ya ushairi huru, kina kitu ambacho wakosoaji wake hawakukipima ipasavyo. Kinawapa maikrofoni wanawake wa mjini. Humo tunamsikia mwanamke anayeuza mwili akieleza hesabu ya maisha yake, na karani wa ofisini anayenyemelewa na bosi wakati wenzake wanapofunga droo kwenda nyumbani. Lugha yao ni kali na mara nyingine haina stara hata kidogo. Hata hivyo wanasema. Wanamtazama mwanamume anayewataka na kumweleza alivyo. Mwanamke wa Kawangware anayepanda matatu ya 46 kila asubuhi kwenda kazini ataitambua ofisi hiyo, ingawa imepita nusu karne.

Siwezi kusema hivyo kuhusu vijitabu vyote vilivyomfuata. Wengi waliiga ukali wa Maillu wakaziacha sauti zake, na ndiyo maana majina yao hayakumbukwi.

Riwaya ya kuonya

Kazi ya mwisho kwa leo si ya kuamsha hisia za mahaba, na nisingependa isomwe hivyo. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1971, ni riwaya ya msiba wa binti wa Ukerewe. Kwa kuwa ilithubutu kutaja mambo ya kujamiiana na utoaji mimba, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha gharama ya ukimya. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi na mkali. Binti anapoandikiwa barua na mvulana, jibu la baba ni kipigo. Hakuna anayeketi na msichana huyo kumweleza moyo ni nini, tamaa ni nini, na jinsi mtu anavyokataa bila kuogopa. Anatoka nyumbani akiwa na woga tu, na siku woga huo unapokwisha hana kingine cha kumlinda.

Wazazi wa Kibera na Kawangware wasome riwaya hii kabla ya kitabu kingine chochote nilichokitaja. Anayeogopa kwamba fasihi ya mahaba itawaharibu watu na aone Kezilahabi alivyoonyesha kilichomharibu Rosa: fimbo iliyochukua nafasi ya maneno.

Namna ya kuvipata na kuvisoma

Wimbo Ulio Bora unao. Utendi wa Mwana Kupona umechapishwa mara nyingi, na mwalimu yeyote wa ushairi anaweza kukuelekeza. Vitabu vya Muyaka na Kezilahabi viulizwe katika Maktaba ya Taifa, ambayo ina tawi lake Kibera. Maillu na Mangua hupatikana kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza turubai katika soko la Toi na kandokando ya Naivasha Road. Ukikuta nakala isiyo na jalada, iliyotoka kurasa za mwanzo na kushikizwa kwa gundi, usiidharau. Imesomwa na watu wengi, na hiyo ni sifa.

Kisha someni wawili wawili. Ushairi wa mahaba ulitungwa usikike, na mume na mke wanaosomeana ubeti mmoja kwa sauti ya chini watapata hoja ya kuzungumza ambayo hawakuwa nayo. Someni pole pole, na kila ukurasa muulizane lile swali la kipimo: huyu anayependwa anasema nini? Mkikuta kitabu ambacho hasemi lolote, kiwekeni chini mchukue kingine. Tunavyo vya kutosha.

Wiki ijayo nitaingia katika taarabu na nyimbo za unyago, kuanzia Siti binti Saad aliyerekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928 hadi Bi Kidude aliyefariki Zanzibar mwaka 2013. Huko ndiko mwanamke wa Kiswahili alikosema kwa sauti kubwa kuliko vitabuni, na itabidi tueleze kwa nini waandishi wa riwaya wamechelewa kumfuata.