Luke Skywalker alizeeka, hakuharibiwa

Bandugu na badada, najua hii mada inagawanya watu. Kila tukigusa Star Wars, kuna wenye kusema ati filme ya 2017, The Last Jedi, iliua shujaa wao. Mimi niko upande mwingine, na nitaeleza juu gani.

Malalamiko yenyewe ni haya. Luke tuliyemwacha mwaka 1983 alitupa upanga wake wa mwanga, akakataa kumuua baba yake, Darth Vader. Nyuma ya miaka mingi tunamkuta mzee wa ndevu, amejificha kisiwani, anakataa kumfundisha Rey. Mbaya zaidi, usiku mmoja aliwasha upanga juu ya mpwa wake Ben akiwa amelala. Watu wanauliza: aliyemhurumia Vader, anawezaje kumfanyia hivyo mtoto wa dada yake?

Turudilie ile filme ya 1983. Mbele ya kutupa upanga, Luke alimpiga baba yake kwa hasira mpaka akamkata mkono, juu Vader alitisha kumgeuza dada yake. Woga wa kupoteza watu wake ndio ulimsukuma, kisha akajizuia. Kwa Ben ni woga uleule, na tena alijizuia. Lakini kijana alikuwa ameshaamka, ameshaona.

Tena, si Rian Johnson aliyemtorosha Luke. Filme ya 2015, The Force Awakens, ndiyo ilisema amepotea na dada yake anamtafuta. Johnson alipokea swali: mtu wa namna hii anakaa pembeni juu ya nini? Alijibu: aibu. Obi-Wan na Yoda pia walijificha nyuma ya kushindwa, na hakuna aliyewalaumu.

Sisemi filme haina kasoro. Ile safari ya kasino ni ndefu mno. Hata Mark Hamill alisema wazi kwamba mwanzoni hakukubaliana na huyu Luke. Lakini tazama mwisho: anasimama peke yake mbele ya jeshi, mwili wake ungali kisiwani, hauwi mtu hata mmoja, na wenzake wanapata muda wa kukimbia.

Sisi wa agronomie tunajua kahawa ikizeeka haizai vizuri. Hatuing'oi, tunaikata karibu na udongo. Mpita njia anasema shamba limeharibika, kumbe mizizi ingali hai na machipukizi yanakuja.

Wangapi kati yetu wamefungia diplome kwenye sanduku, hawapokei tena simu ya promotion juu projet ilianguka? Shujaa asiyeanguka hatufundishi kitu hapo. Huyu mzee aliyeona aibu kisha akatoka, mimi namhitaji.

Na wewe, ulimwonaje? Lete hoja, matusi bakisha nyumbani.