Kidude cha lenzi kina hataza, je, jicho la binti liko salama?

Binti akialikwa send-off katika ukumbi wa pale Mnazi Mmoja, maandalizi hayaishii tena kwenye nywele na kucha. Anataka na macho ya kijivu. Anaingia duka la vipodozi Kariakoo, na muuzaji mchangamfu anamwongezea vya kuvalia: kibanio chenye ncha laini, kijiti cha mpira, kasha lenye kioo. Kwenye boksi wameandika kuwa kifaa kina hataza. Mzazi anatulia.

Asitulie mapema. Hataza ni haki anayopewa mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake kwa muda maalumu. Hapa kwetu husajiliwa BRELA. Kinachoangaliwa ni kama wazo ni jipya na linaweza kutumika. Kama ni salama kwa jicho la mwanao, hilo ni swali jingine, na usimamizi wa vifaa tiba uko TMDA.

Hata hivyo nyaraka za hataza zina la kutufundisha, na nyingi husomwa bure mtandaoni. Mwaka 1961 Mcheki Otto Wichterle alitengeneza lenzi laini nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli (wenye watoto watundu wasikate tamaa). Lenzi zikawa laini, kidole kikabaki kilekile. Ndiyo maana wavumbuzi wameleta vijiti vya kunyonya, vibanio, hata stendi yenye taa inayoshika lenzi ili mikono yote miwili ifungue kope. Wengine wamegeukia pakiti yenyewe: Menicon ya Japani ina pakiti bapa, unene wa milimita 1 hivi, inayoacha kidole kiguse upande wa nje wa lenzi tu.

Kwa hiyo sabuni kwanza, kisha kukausha mikono vizuri, kwa sababu maji nayo ni adui. Lenzi haioshwi kwa maji ya bomba, ya kisima wala ya chupa, na mate ndiyo kabisa. Kwenye maji huweza kuwamo kijidudu kiitwacho Acanthamoeba, kinachojificha chini ya lenzi na kushambulia konea, na mtu anaweza kupofuka. Tumia dawa maalumu ya lenzi.

Kile kijiti cha mpira ni cha lenzi ngumu. Kikibandikwa kwenye jicho lisilo na lenzi, kinavuta konea yenyewe.

Marekani, tangu 2005, hata lenzi za urembo tu huhesabiwa kifaa tiba na huuzwa kwa cheti cha mtaalamu wa macho. Nyumbani kwako unaweza kuweka sheria hiyo leo: kwanza kliniki ya macho, iwe Muhimbili au CCBRT, apimwe na afundishwe kuvaa na kuvua. Asilale nazo, asiazimane na shoga yake. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikataa mwanga, avue, aende hospitali siku hiyohiyo, na lenzi pamoja na kasha lake aende navyo.