Ukifika steji, shuka: Somo la uongozi kutoka mpakani Busia

Kila Mkenya anapanda bodaboda, lakini si wengi wanaojua kwamba jina hilo lilizaliwa huku kwetu mpakani. Enzi za baiskeli, vijana wa Busia na Malaba walikuwa wanabeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha Kenya hadi cha Uganda, wakiita wateja, “boda, boda!” Baiskeli zikawa pikipiki, jina likabaki.

Na sheria ya steji pia ikabaki: kila mtu ana zamu yake. Ukipata mteja unampeleka, anashuka, wewe unarudi nyuma ya foleni. Huwezi kukaa mbele kutwa nzima eti kwa sababu pikipiki yako ni mpya, au kwa sababu uko steji tangu wengine wakiwa nasari.

Sasa mbona hii sheria tunaielewa kwa pikipiki, lakini kwa uongozi inatulemea? Kuna mwenyekiti wa steji ambaye hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini. Kuna kepteni wa timu ya mtaa ambaye magoti yalishagoma lakini kitambaa hakitoki mkononi. Halafu sisi hao hao jioni tunaingia mtandaoni kulalamika kwamba wazee wamegandia viti Nairobi.

Wale wazungumzaji wa kutia watu moyo hupenda kusema uongozi hufunzwa uwanjani, jeshini na kanisani. Si uongo. Ila wanachosahau ni kwamba shule hizo tatu zote zina somo moja la kwanza, nalo ni zamu: unaipokeaje, na unaiachaje. Na kuna familia moja ya Busia imeyaonja yote matatu, tena pande zote mbili za mpaka. Hao ni kina Awori.

Nyumba ya kasisi

Baba yao, Canon Jeremiah Awori, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwa makasisi wa Kianglikana magharibi mwa Kenya. Kama umelelewa kanisani unajua maisha ya kasisi. Unahudumu parokia, unazoea watu, mnajenga hata kanisa pamoja, kisha barua ya uhamisho inafika. Unafunga mizigo, mwingine anachukua mimbari. Kondoo si wako, umekabidhiwa tu. Hata Musa wa Biblia hakuingia nchi ya ahadi. Kazi ilimaliziwa na Yoshua, kijana aliyekuwa amemtumikia kwa miaka mingi.

Kutoka nyumba hiyo alitoka Moody Awori, aliyezaliwa 1927. Aliingia Bungeni miaka ya 1980, akawa mbunge wa Funyula. Mwaka 2003, akiwa waziri anayesimamia magereza, alifungua milango ambayo kwa miaka mingi ilikuwa siri nzito. Wanahabari waliingia. Wafungwa wakapata magodoro, sare bora, hata televisheni. Kuna Wakenya waliobeza, eti jela imegeuzwa hoteli. Lakini fikiria: mfungwa hana kura ya kukupa wala pesa ya kukuchangia. Kiongozi anayemshughulikia mtu wa namna hiyo anatumia zamu yake kwa kazi, si kwa kujitengenezea zamu nyingine. Septemba mwaka huo huo, baada ya kifo cha Michael Kijana Wamalwa, Moody akawa Makamu wa Rais.

Mruka viunzi aliyeshika bunduki

Mdogo wake, Aggrey, maisha yake yaliota upande wa Uganda. Huyu alikuwa mwanariadha hasa. Aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Roma 1960, mbio za mita 110 kuruka viunzi, na baadaye akasoma Harvard kule Marekani na kukimbilia timu ya chuo hicho.

Sheria ya viunzi ni tamu ukiifikiria. Kuna viunzi kumi, kila kimoja kina kimo cha zaidi ya mita moja. Ukikiangusha kwa bahati mbaya, hufukuzwi, unaendelea kukimbia. Ukiingia leni ya mwenzako na kumzuia, hapo umekwisha. Yaani kujikwaa kunasameheka. Kuchukua nafasi ya mwingine hakusameheki.

Aggrey alikuwa mkurugenzi wa televisheni ya taifa ya Uganda hadi Idi Amin alipopindua serikali Januari 1971. Chini ya Obote wa pili akawa balozi. Museveni alipochukua nchi 1986, Aggrey akaishia kuongoza waasi wa Force Obote Back Again, FOBA, mashariki mwa Uganda.

Hapa ndipo tunapaswa kutulia kidogo, maana vijana tunapenda sana hadithi za makamanda. Eneo hili lilionja moto wa miaka hiyo. Serikali hizi mbili zilikuwa zikilaumiana kuhusu waasi, na Disemba 1987 askari wa Kenya na Uganda walirushiana risasi papa hapa Busia, watu wakafa na mpaka ukafungwa. Mpaka ukifungwa, bwana mkubwa hali mihogo mikavu. Anayelala njaa ni mama wa samaki na kijana wa baiskeli. Jeshi linafundisha kwamba uamuzi wa kamanda hulipiwa na mtu aliye chini kabisa. Kabla hujamfuata yeyote mwenye sauti kubwa, uliza bili italetwa kwa nani.

Sifa ninayompa Aggrey ni kwamba hakufia msituni. Alirudi, akaingia Bunge la Uganda, na 2001 akagombea urais dhidi ya Museveni. Alipata asilimia 1.4 ya kura. Ni aibu? Kwangu mimi, asilimia 1.4 ya kura ina heshima kuliko asilimia 100 ya woga. Baadaye alijiunga na chama cha Museveni, na 2009 akawa waziri wa teknolojia ya habari na mawasiliano. Alifariki Julai 2021.

Bingwa aliyekataa kengele

Kama unadhani michezo na jeshi pekee vinatosha kumtengeneza kiongozi, mwangalie Amin mwenyewe. Alikuwa askari wa King's African Rifles tangu 1946, na bingwa wa ndondi wa Uganda kwa karibu miaka tisa. Nidhamu ya mwili alikuwa nayo ya kumwaga. Lakini ndondi zina kengele: raundi ikiisha unaacha kupiga, unarudi konani. Mwaka 1976 Amin alijitangaza rais wa maisha, na mwaka huo huo akadai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni yake. Yaani mimi na wewe tungekuwa raia wake. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni yakaingia Kampala, akakimbia. Asiyesikia kengele hutolewa ulingoni na wengine.

Kijiti kina pande mbili

Moody alipoteza kiti cha Funyula katika uchaguzi wa 2007, akishindwa na Paul Otuoma. Januari 2008 umakamu wa rais ukaenda kwa Kalonzo Musyoka. Otuoma naye alijaribu ugavana wa Busia 2017, akaangushwa na Sospeter Ojaamong. Mwaka 2022 Ojaamong alikuwa amemaliza mihula miwili, Katiba ikapuliza kipenga, na Otuoma akaingia. Unaweza kumpenda au kumchukia yeyote kati yao, lakini kijiti kilisonga bila risasi. Shida ni kwamba kipenga hicho hakipo kwa wabunge wala madiwani. Huko refa ni wewe na kura yako.

Halafu ikaja 2018. Moody, akiwa anakaribia kutimiza miaka 91, aliteuliwa kwenye bodi ya hazina ya michezo, sanaa na maendeleo ya jamii. Mitandao iliwaka. Vijana walikasirika, na walikuwa na haki: nchi imejaa vijana wasio na kazi, na hiyo ni hazina ya mambo ya vijana! Waliomtetea walisema mzee ni mwaminifu na pesa za umma zitakuwa salama mikononi mwake.

Jibu hilo linauma kwa sababu ndani yake kuna tusi: kwamba kijana haaminiki na pesa. Kulijibu kwa matusi hakutusaidii. Tazama mbio za kupokezana kijiti. Mita 100 mara nne, eneo la kukabidhiana ni mita 30 tu. Anayetoa akichelewa kuachia na mkavuka alama, timu nzima inatupwa nje. Lakini anayepokea naye hasubiri amesimama. Anaanza kukimbia kabla kijiti hakijamfikia, mkono nyuma, macho mbele.

Basi tuanze kukimbia, na tusingoje Agosti 2027. Wewe ni mweka hazina wa chama cha steji? Soma hesabu mbele ya watu kila mwezi, hata kama ni shilingi mia tano. Ni kepteni? Mpe mdogo wako aongoze mazoezi wiki hii, ukae pembeni umwangalie bila kumkatiza. Unasimamia vijana kanisani au msikitini? Weka tarehe ya uchaguzi ujao leo, iandikwe, ibandikwe ukutani ambapo hata wewe huwezi kuibandua bila kuonekana.

Siku mzee atakaposema vijana hawaaminiki, tusimjibu kwa hashitegi. Tumwonyeshe daftari.