Waliotoka Makaoni Waulizwe

Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, familia zetu hapa Pwani huyakumbuka makao ya mayatima. Unga, mchele, sukari na tende hupelekwa kwa magari, mbuzi huchinjwa siku ya Idi, na watoto huketishwa kwa safu wawaombee dua waliotoa. Ni wema, na Mwenyezi Mungu awalipe wautendao. Ila kuna mtu ambaye hayupo katika futari ile, naye ndiye ajuaye kuliko sisi sote kinachopungua katika nyumba hizo. Ni kijana aliyetoka humo mwaka jana, alipotimiza miaka 18.

Sheria yamhesabu kuwa mtu mzima, na kitanda chake chahitajiwa na mtoto mwingine. Mwenzake wa umri ule aliyelelewa kwao bado apikiwa na mamake, na akikosa kazi hurudi nyumbani. Huyu hana pa kurudi. Na mara nyingi kinachomwangusha ni mambo madogo ambayo sisi tuliyajua bila ya kufundishwa. Aliyezoea kula chakula cha sufuria kubwa ya watu wengi hajui kipimo cha unga wa mtu mmoja. Hajatumwa sokoni na pesa mkononi, wala hajapata kuzungumza na mwenye nyumba juu ya kodi ya chumba. Akienda kuomba kitambulisho cha taifa hutakiwa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Na huenda faili lake lina jina na tarehe ya kuletwa tu. Bila kitambulisho hana akaunti ya benki, na kazi ya halali huwa ngumu kuipata.

Kwa binti kuna jambo zito zaidi. Akija mchumba, posa itapokewa na nani? Nani atakuwa wali? Fiqhi yetu haikumwacha: asiye na wali, Kadhi humsimamia. Lakini binti wa miaka 20 atalijuaje hilo, na ni mwanamke gani mtu mzima atakayefuatana naye hadi mahakamani, akae naye siku ya nikahi, na amtembelee baada ya harusi? Kina mama, swali hili latuhusu sisi hasa. Kamati za wanaume zinazosimamia makao huenda zisilifikirie kabisa, hadi alitaje binti mwenyewe.

Qur'ani, katika Sura ya An-Nisaa aya ya 6, imeagiza yatima wapimwe mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wakabidhiwe mali yao mbele ya mashahidi. Aya ile yazungumzia mali, lakini sisi twaona humo adabu ya kumtoa yatima mikononi mwetu: atayarishwe mapema, akili yake iheshimiwe, na makabidhiano yawe ya wazi. Kumfungulia mtu lango na kumpa begi la nguo si makabidhiano.

Hapa Kenya vijana hawa hawakungoja waitwe. Mwaka 2009 waliunda chama chao, KESCA, cha wale waliolelewa katika makao. Mkakati wa taifa wa kurekebisha malezi ya watoto, wa miaka 2022 hadi 2032, unakusudia watoto walelewe katika familia na jamii badala ya taasisi. Na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala, malezi ambayo mtoto hupewa nyumba na mapenzi bila ya kubadilishwa nasaba yake. Kwa hivyo nyumba nyingi zaidi za Waislamu zaweza kuombwa kupokea watoto, na aliyekulia makaoni aweza kuwaeleza wenye nyumba hizo mtoto kama yule huogopa nini usiku wa kwanza.

Kuwashirikisha, hata hivyo, kuna namna yake. Kumsimamisha kijana mbele ya wafadhili asimulie alivyookotwa, watu watoe machozi na pesa, si kumshirikisha, ni kumtumia. Asiulizwe habari za wazazi wake ikiwa hakutaka kuzisema. Aulizwe kuhusu huduma: alifundishwa nini, alikosa nini, alikwenda kwa nani alipougua. Mabinti wazungumze na wanawake, faraghani. Kikao kisiwekwe saa za kazi, kwani kibarua akikosa siku moja amekosa chakula. Nauli yake ilipwe, na muda wake pia. Na awe na kiti katika kamati ya makao, yeye na mwenzake, maana mmoja peke yake baina ya wazee hunyamaza.

Kisha ajibiwe. Akisema watoto wapewe zamu ya kwenda sokoni na kupika chungu kidogo, kamati imwambie limeanza lini. Akisema vyeti vishughulikiwe mtoto angali na miaka 10, si 17, aonyeshwe mafaili. Na lisilowezekana aelezwe kwa nini. Tukimwita mara mbili asione kilichobadilika, mara ya tatu hatakuja.

Ramadhani hii, mnapopeleka unga, muulizeni msimamizi: waliotoka mwaka jana wako wapi, na ni nani aliyewapigia simu?