Fuwele Ndogo za Kunasa Miale ya Jua

Takriban nusu ya nishati ya jua ifikayo ardhini huja kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho. Silikoni, itumikayo katika seli nyingi za umeme wa jua, huiacha miale yenye mawimbi yanayozidi nanomita 1100 ipite bure.

Mwaka 2005, Edward Sargent na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walionyesha kwamba nukta za kwanta zaweza kugeuza miale ya infraredi kuwa umeme. Nukta hizo ni fuwele za salfaidi ya risasi zenye upana wa nanomita chache tu. Elektroni iliyobanwa katika nafasi finyu namna hiyo huhitaji nishati kubwa zaidi ili isisimke. Hivyo fuwele ikipunguzwa, hunasa mawimbi mafupi zaidi. Dutu ni ileile, ukubwa ndio uliobadilika, jambo la kustaajabisha kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba rangi huamuliwa na kemia pekee.

Ugumu umo katika uso wa fuwele. Atomu zake zisizofungamana vema huzinasa elektroni njiani, na molekuli ndefu zinazozifunika fuwele huuzuia umeme usipite. Mwaka 2011 kundi hilo lilizibadili molekuli hizo kwa ioni za haloidi, kama vile bromaidi, na umeme ukaongezeka. Lakini risasi ni sumu, na dutu ya kushika nafasi yake ingali ikitafutwa.