Motokari ya umeme ya beyi ya chini yenye kuvuta remorke: soma karatasi mbele ya kulipa

Bandugu, hii swali inarudi kila mara kati yetu wa Ubelgiji, na najua wengi walioko Bukavu, Goma ao Lubumbashi wanaisoma pia juu wako na kaka ao dada huku anayetafuta makuta kwa njia hiyo. Kazi yenyewe munaijua: mwanafunzi ana masomo siku tano, siku ya posho anazunguka kukusanya frigo, mashini za kufua, magodoro na balo za nguo, anapeleka kwenye depo, kontena inajaa, inaenda Anvers, na toka pale Matadi. Zamani kila mtu alikuwa na kamioneti ya zamani ya mazutu. Lakini Bruxelles iliweka eneo lake la hewa safi tangu 2018, na kila baada ya muda mazutu za zamani zingine zinafungiwa mlango. Njo maana vijana wanauliza: je, iko motokari ya umeme ya euro kama 15,000, iliyokwisha tumika, yenye kuvuta remorke?

Iko. Lakini si ile ambayo muuzaji atakuonyesha kwanza.

Motokari za umeme ambazo beyi yake imeshuka sana ni Renault Zoe na Nissan Leaf, zile za miaka ya nyuma. Ni gari nzuri za kwenda kazini na kurudi. Kuvuta remorke, hapana: mjenzi hakuziombea ruhusa. Volkswagen ID.3 pia ni vile, nyuma unaweza kubeba kinga tu, basi. Mtu atakuambia, "Mbona atelaji iko pale nyuma?" Atelaji, ile chuma yenye kichwa cha mviringo, si ruhusa. Wengine waliifunga kwa ajili ya kubeba kinga peke yake. Siku ya ajali, asiransi itafungua karatasi, haitaangalia chuma.

Karatasi gani? Sertifika ya usajili ya gari. Katika Ulaya yote herufi ni zile zile: O.1 ni kilo ambazo gari inaruhusiwa kuvuta kama remorke iko na breki zake yenyewe, O.2 ni kilo kama remorke haina breki. Ukikuta pale kistari, sifuri ao patupu, uliza sertifika ya ulinganifu ya mjenzi. Kama nayo haisemi kitu, rudisha ufunguo kwa mwenyewe na uende nyumbani.

Kuna anayeshangaa: motere ya umeme si iko na nguvu sana? Ni kweli, nguvu haikosekani. Shida iko pengine. Batri peke yake inaweza kupita kilo 300 na zaidi, kwa hiyo pine, breki na chuma za chini tayari zimekwisha kubeba uzito mwingi mbele hujaongeza kitu. Mjenzi anapaswa kuhakikisha gari inaweza kuondoka ikiwa imesimama kwenye mlima na mzigo nyuma, bila motere kupata moto kupita kiasi. Na kuna mteremko. Gari ya umeme inapunguza mwendo kwa kurudisha umeme kwenye batri. Sasa kama batri imejaa kabisa, umeme ule hauna pa kuingia, na breki za kawaida njo zinabeba kazi yote. Mimi naishi Liège, mji wa milima, na hiyo si hesabu ya kwenye kitabu tu. Ukiondoka juu na remorke imejaa, usijaze batri mpaka asilimia 100.

Sasa majina. Kwa bajeti ile, za kwanza kutafuta ni MG: MG5, ile ndefu yenye nafasi nyuma, na MG4. Zote mbili zinaruhusiwa kilo 500. Kilo 500 ni remorke na mzigo pamoja. Remorke ndogo ya ekseli moja inaweza kula kilo 150 ao zaidi, unabakia na 350. Hiyo ni mashini za kufua nne, tuseme tano kama ni nyepesi, ao balo saba za kilo 45. Kwa mtu anayekusanya ndani ya mji, inatosha kabisa, na katika MG5 godoro moja ama mawili yanaingia ndani ya gari yenyewe.

Ukiongeza makuta, unaingia kwa Tesla Model 3, yenye kuvuta kati ya kilo 910 na 1,000 kulingana na mwaka. Angalisho: ruhusa yake inaenda na paketi ya kuvuta iliyoagizwa kiwandani. Nyingi ziliuzwa bila hiyo paketi. Juu zaidi kuna Škoda Enyaq na Volkswagen ID.4 za batri kubwa, kama kilo 1,000, na Hyundai Ioniq 5 na Kia EV6, kilo 1,600. Hizi mbili za mwisho, angalia batri: zile za batri ndogo ya kilowati-saa 58 zinashuka mpaka kilo 750. Gari moja, rangi moja, muuzaji mmoja, na nusu ya ruhusa imepotea.

Hapa njo watu wengi wanatupa makuta bure. Wanasikia 1,600 na macho yanafunguka. Permi yako inasema nini? Permi B inakuruhusu remorke yenye uzito wa juu ulioandikwa wa kilo 750. Ikipita pale, uzito wa juu wa gari na wa remorke kwa pamoja haupaswi kupita kilo 3,500. Gari ya umeme ya familia inaweza kuwa na uzito wa juu wa kilo 2,650. Toa hiyo kwa 3,500, inabakia 850. Kwa hiyo unalipa maelfu ya euro zaidi ili upate kilo 100! Tena Ubelgiji, remorke ikipita 750 inataka nambari yake yenyewe na kwenda kontrole tekniki. Kuna masomo ya kodi 96 ya kufika kilo 4,250 kwa jumla, lakini hayo nayo ni makuta na siku. Kama una permi B tupu, chukua remorke ya 750, ambayo mara nyingi haina breki, na usome O.2 kuliko O.1.

Tuje kwa umbali. Remorke inakula umeme, na zaidi ya uzito ni upepo. Remorke ya boksi refu inasukuma hewa kama ukuta. Ile ya chini yenye kufunikwa na bashi inapita vizuri zaidi. Tufanye hesabu: batri ya kilowati-saa 64, unatumia toka asilimia 80 mpaka 10, ni kama kilowati-saa 45. Gari peke yake ikikula 18 kwa kilometa 100, unafika 250. Na boksi nyuma ikikula 30, unafika 150. Bruxelles–Anvers kwenda na kurudi ni kama kilometa 100, bado uko salama. Bruxelles–Liège kwenda na kurudi, tayari lazima usimame kushaji. Na nafasi nyingi za kushaji zilipangwa kwa gari bila mkia: utafungua remorke, utaiegesha pembeni, utaifunga kufuli, kisha urudi kuichukua. Mwendo wa 90 badala ya 120 unapunguza sana hayo mateso.

Juu ya batri, neno moja kwetu Wakongomani. Kobalti nyingi ya dunia, karibu asilimia 70, inatoka kwetu, Kolwezi na pande zile. Lakini MG4 ya kilowati-saa 51 na Model 3 nyingi za batri ndogo zina batri ya chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Inauma kidogo kuandika hivyo, lakini kwa mnunuzi wa gari iliyotumika ni habari nzuri: batri hizo zinavumilia kujazwa mara nyingi, na beyi yake iko chini.

Kama unajaza kontena mara moja kwa miezi mitatu, mimi sikushauri ununue kitu. Kodi kamioneti siku mbili, ni mpya, mji haikufukuzi. Kununua kunaanza kuwa na maana ukizunguka kila posho na kama una pa kushaji usiku. Mbele ya kulipa, omba karatasi ya afya ya batri na tarehe ambayo garanti yake inaisha; kwa wajenzi wengi ni miaka 8 ao kilometa 160,000, kwa MG ni 7 ao 150,000. Kisha omba picha ya sertifika, si ya gari.