Nakivale: Mzazi ajue nini kabla ya kuchagua shule ya Kikatoliki Uganda?

Kwa mzazi Mkongomani anayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, jina la mtakatifu juu ya lango la shule huleta matumaini. Huko alikotoka, Kivu au Ituri, Kanisa Katoliki limesomesha vizazi vingi, na shule zake zina sifa ya nidhamu. Nchini Uganda, hata hivyo, jina hilo humjulisha ni nani aliyeianzisha shule, wala halimjulishi ni nani anayegharamia masomo. Asiyelijua hilo huenda akashuhudia mwanawe akirudishwa nyumbani katikati ya muhula.

Mifumo miwili tofauti

Nchini Kongo, mkataba uliotiwa saini Februari 1977 uliyakabidhi makanisa usimamizi wa shule nyingi za umma, huku serikali ikibaki na wajibu wa kuwalipa walimu.

Uganda ilifuata njia nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1963 iliziweka shule za misheni chini ya usimamizi wa serikali, nalo Kanisa likabaki na hadhi ya mwanzilishi. Sheria ya mwaka 2008 inazitambua shule zinazosaidiwa na serikali, ambazo huendeshwa kwa pamoja na serikali na mwanzilishi wake. Kando ya hizo zipo shule binafsi, nyingine zikiwa za Kikatoliki, zinazotegemea karo ya wazazi.

Gharama zake ni zipi?

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 humpa mtoto mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Elimu hiyo ilianza kutolewa bila karo mwaka 1997 katika shule zilizo chini ya mpango wa serikali, ingawa chakula na mavazi ni jukumu la mzazi.

Ugumu huzidi baada ya darasa la saba. Mpango wa sekondari bila karo, ulioanza mwaka 2007, hauzihusu shule zote. Mjini Mbarara, makao ya Jimbo Kuu Katoliki, zipo shule za bweni zenye sifa kubwa, ikiwemo Maryhill High School ya wasichana. Anayempeleka mtoto bweni hugharamia pia godoro, vifaa na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Mwaka wa masomo una mihula mitatu, na mtihani wa kidato cha nne huja baada ya miaka minne. Kwa hiyo gharama ya muhula mmoja yafaa izidishwe mara 12 kabla ya uamuzi kufanywa. Hesabu hiyo ni nzito zaidi tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kugawa misaada kwa kiwango kinachotegemea uhitaji wa kila familia.

Dini na lugha

Nakivale ni makazi ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, wakiwemo Wasomali wengi. Katiba ya Uganda inalinda uhuru wa kuabudu, na katika mtihani wa darasa la saba mtahiniwa huchagua maswali ya dini ya Kikristo au ya Kiislamu. Hata hivyo, maisha ya bwenini yana desturi zake. Mzazi asiye Mkatoliki aulize mapema kama misa ni lazima kwa wote, na kama mwanafunzi Mwislamu hupewa nafasi ya kuswali na kufunga.

Kwa mtoto aliyeanza masomo kwa Kifaransa, kikwazo kikubwa huwa Kiingereza, lugha ya kufundishia sekondari. Faraja ni kwamba mtaala wa sekondari ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, nacho ndicho lugha ambayo wengi wao hufika nayo shuleni.

Maswali ya kuuliza langoni

Je, shule inasaidiwa na serikali au ni ya binafsi? Je, imo katika mpango wa sekondari bila karo? Jumla ya malipo yote, kwa maandishi, ni kiasi gani? Na iwapo kuna mfadhili, ahadi yake inafika kidato cha ngapi? Shule ya karibu ambayo familia inaimudu hadi kidato cha nne huenda ikamfaa mtoto kuliko yenye jina kubwa atakayoiacha katika kidato cha pili.